Greni 70 Zipi? Mwongozo Kamili wa Kupima Baruti Nyeusi kwa Ujazo na kwa Uzito

Watu wawili wenye gobori za aina moja wanaweza kuulizana wanashindilia kiasi gani, wote wakajibu "greni 70", na bado kila mmoja akawa amemimina kiasi chake mtutuni. Mmoja alijaza kipimio cha shaba kilichowekwa kwenye alama ya 70. Mwenzake alimwaga baruti juu ya mizani mpaka ikasoma 70. Kama wote wanatumia baruti nyeusi halisi, tofauti itakuwa ndogo. Lakini mmoja wao akiwa na baruti mbadala, ile iliyoundwa kutumika badala ya baruti nyeusi, tofauti hiyo inaweza kupasua mtutu.

Mwongozo huu ni wa mwenye bunduki ya kushindilia kwa mdomo, iwe gumegume au ya fataki, aliyo nayo kihalali na anayo maelekezo ya mtengenezaji wake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kipimio cha ujazo ndicho chombo cha kushindilia, na mizani ni chombo cha kukikagua kipimio hicho. Anayebadilisha kazi za vyombo hivi viwili bila kujua anachofanya anajitafutia hatari, na nimeona watu waangalifu kabisa wakikosea hapa kwa sababu tu walidhani mizani, kwa kuwa ni ya kisasa, lazima iwe sahihi zaidi.

Greni, punje, na namba iliyoandikwa kwenye kipimio

Greni ni kizio cha uzito. Ratili moja ina greni 7,000. Gramu moja ina greni 15.43, na greni moja ni sawa na miligramu 64.8. Kwa hiyo greni 70 ni gramu 4.54, na greni 100 ni gramu 6.48.

Wanaojifunza kwa Kiingereza huchanganyikiwa kwa sababu lugha hiyo hutumia neno lilelile kwa kizio hiki na kwa chembe ya baruti. Sisi tunayo maneno mawili, tuyatumie. Punje ni chembe unayoiona kwa macho, greni ni uzito. Greni 70 za baruti si punje 70.

Ugumu unaobaki ni wa namna nyingine. Kipimio cha ujazo kimeandikwa 50, 60, 70, 80, lakini kipimio hakina uwezo wa kujua uzito wa kitu chochote. Ni nafasi tupu tu. Namba 70 maana yake ni: nafasi hii inaingia baruti nyeusi yenye uzito wa karibu greni 70. Ukikijaza mchanga, uzito utakuwa mwingine. Ukikijaza baruti mbadala iliyo nyepesi, uzito utakuwa mwingine vilevile, ingawa alama bado inasema 70. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitasema "greni za ujazo" ninapomaanisha alama ya kipimio, na "greni za uzito" ninapomaanisha kile inachosoma mizani. Ukizoea kusema hivyo hata unapozungumza na wenzako, nusu ya makosa yanakwisha.

Baruti nyeusi iliyomiminwa bila kukandamizwa ina uzito unaokaribia ule wa maji ya ujazo huohuo, yaani karibu gramu moja kwa kila mililita. Ukweli huu mdogo ni wa thamani kubwa. Unamaanisha kipimio cha greni 70 kinapaswa kuwa na nafasi ya takriban mililita 4.5, na unaweza kulihakikisha hilo mezani bila kugusa baruti. Nitarudi hapo.

Kwa nini kipimio cha ujazo kilitosha karne zote hizo

Baruti nyeusi ni mvumilivu. Greni moja ikizidi au ikipungua katika kiasi cha greni 70, bunduki haitaona tofauti ya maana. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, haiko hivyo. Hiyo hupimwa kwa sehemu za kumi za greni, na ndiyo iliyowafundisha wapigaji wa leo kuamini mizani kuliko kitu kingine. Wakija kwenye gobori huja na tabia hiyo.

Waliotangulia walipima kwa ncha ya pembe, kwa mfupa uliotobolewa, kwa mwanzi. Majeshi nayo yalipima kiwandani na kumkabidhi askari karatasi iliyofungwa tayari. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ya Uingereza ilitumia dramu 2 na nusu, yaani takriban greni 68, na askari hakuwa na haja ya kipimio vitani. Hata jina la risasi ya .45-70 ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873 limebeba kipimo hicho: kaliba (kipenyo cha mtutu kwa inchi) ya .45 na greni 70 za baruti nyeusi. Hiyo ni risasi ya ganda, si ya kushindilia, lakini inaonyesha jinsi kiasi cha baruti kilivyokuwa sehemu ya utambulisho wa silaha.

Kwa hiyo kipimio cha ujazo si ubabaishaji wa kale. Kinafanya kazi kwenye upepo, kwenye unyevu, mkono ukiwa na masizi, mahali ambapo mizani nyepesi ingeyumba na kusoma uongo. Udhaifu wake ni mmoja: kinategemea mkono unaokijaza.

Ukubwa wa punje

Kabla ya kupima chochote, soma kopo. Alama ya Fg ni punje kubwa, kwa mizinga midogo na misketi ya mdomo mpana. FFg ni ya bunduki za kaliba ya .50 kwenda juu na za marisawa. FFFg ni ndogo zaidi, kwa kaliba zilizo chini ya .50, bastola na rivolva za kushindilia. FFFFg ni laini kuliko zote na kazi yake ni kisahani cha gumegume, si ndani ya mtutu.

Punje zikiwa ndogo hujipanga kwa kubanana, hivyo kipimio kilekile kinaweza kubeba uzito mkubwa kidogo zaidi. Lakini uzito si jambo kubwa hapa. Jambo kubwa ni kwamba punje ndogo huungua haraka na kuongeza shinikizo. Ndiyo sababu wapigaji wengi wanapohama kutoka FFg kwenda FFFg hupunguza kiasi kwa asilimia 10 hadi 15, kisha hufuata jedwali la mtengenezaji wa bunduki. Mizani haitakuonya kuhusu hili. Greni 70 za FFg na greni 70 za FFFg zitasoma sawa kabisa juu yake.

Watengenezaji nao hutofautiana. Baruti ya Swiss, kwa mfano, ni nzito kwa ujazo kuliko nyingi nyingine, na inajulikana kwa nguvu. Ukibadilisha kopo, anza upya ukaguzi wako wote. Usihamishe namba kutoka kopo la jana.

Vifaa

Kipimio cha shaba, alumini, pembe au mfupa. Kisiwe cha chuma kinachoweza kutoa cheche. Cha kurekebisha ni kizuri kwa kutafuta kiasi kinachoifaa bunduki yako. Ukishakipata, tafuta kipimio kisichorekebishika cha ujazo huo na uweke kile cha kwanza kabatini, maana parafujo hulegea na alama husogea bila kukuaga.

Mizani isome angalau hadi gramu 0.01 au greni 0.1. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai hata kidogo, kwani gramu moja ni zaidi ya greni 15. Hata ile ya gramu 0.1 inaruka greni moja na nusu kwa kila hatua. Pata na jiwe la mizani la kulinganishia.

Faneli ndogo, karatasi safi, daftari, vichupa vidogo vyenye vifuniko. Pembe au chupa ya baruti ya kubebea.

Vifaa vya mezani vya kupimia vilivyoundwa kwa baruti isiyo na moshi usivitumie kwa baruti nyeusi. Kama unataka kifaa cha namna hiyo, kuna vilivyotengenezwa mahsusi kwa baruti nyeusi. Na unapofanya kazi yoyote ya hizi, mezani kuwe na kopo moja tu lililo wazi. Sigara, jiko, mshumaa na kila chenye joto viwe mbali. Baruti nyeusi haihitaji moto mkubwa. Cheche moja inatosha.

Kupima kwa ujazo, hatua kwa hatua

Kwanza, hakikisha bunduki haijashindiliwa. Ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) mpaka chini, weka alama ya kidole mdomoni mwa mtutu, kisha uutoe na kuulaza nje ya mtutu kulinganisha. Ukifika karibu na tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ukiishia juu, kuna kitu ndani.

Pili, kama umetoka kupiga, pitisha kitambaa chenye unyevu mtutuni, kisha kikavu. Kaa linaloweza kubaki ndani haliogopi kipimio kizuri. Wengi wamepata ajali kwa kumimina baruti juu ya kaa wasiloliona.

Tatu, weka kipimio kwenye alama yako na ukikaze. Kishike wima.

Nne, mimina kutoka kwenye pembe mpaka baruti ifurike kidogo juu ya ukingo. Mimina kwa mwendo uleule kila mara. Baruti iliyomiminwa polepole hulala tofauti na iliyomwagwa kwa pupa.

Tano, gonga ubavu wa kipimio. Mara ngapi ni shauri lako; mimi hugonga mara tatu kwa kidole. Anayegonga mara kumi atapata baruti nyingi zaidi kuliko asiyegonga, na wote wawili wanaweza kulenga vizuri. Atakayeharibikiwa ni yule anayegonga mara tatu leo, mara saba kesho, na kusahau kabisa keshokutwa.

Sita, futa juu iwe sawasawa na ukingo. Wazee waliopima nafaka walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Baruti ni ya mfuto siku zote. Kama kipimio chako kina faneli inayozunguka, izungushe ikate ziada. Kama hakina, tumia kipande cha mbao au kadi, na ziada iangukie kwenye karatasi.

Saba, funga pembe na uiweke mbali. Halafu ndipo umimine kutoka kwenye kipimio kwenda mtutuni, uso na mwili vikiwa pembeni ya mdomo wa bunduki.

Hatua hiyo ya saba isirukwe kwa sababu yoyote, hata ukiwa na haraka, hata kama pembe yako ina mdomo wenye kipimo chake. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa. Baruti ya kipimio kimoja ikishika moto kutokana na kaa la mtutuni, utaungua. Pembe nzima ikishika moto mkononi mwako, hilo ni bomu.

Wenye bunduki za marisawa wanaweza kuanzia na desturi ya zamani ya kutumia ujazo sawa wa baruti na wa marisawa, kipimio kilekile kwa vyote viwili, mradi visivuke mipaka ya mtengenezaji.

Kukagua kipimio kwa mizani

Hapa ndipo mizani inapostahili heshima yake. Kazi hii inafanyika nyumbani, mara moja kwa kila kopo jipya, na haichukui muda mrefu.

Anza na maji. Hakikisha kipimio hakina baruti ndani, kiweke kwenye alama ya 70, ziba tundu lolote linalovuja, na ukijaze kwa bomba la sindano lenye alama za mililita. Maji yakifika ukingoni, soma umetumia mililita ngapi. Ukipata karibu 4.5, alama haijakudanganya sana. Ukipata 3.8 au 5.3, umeshajua jambo muhimu kabla ya kufungua kopo. Vipimio vya bei rahisi vya kurekebisha hukosea kwa namna hii mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kisha kikaushe kabisa, na uache kikae hata siku nzima, maana tone moja la maji kwenye kona linaharibu kiasi kizima cha baruti.

Sasa endelea na baruti yenyewe. Weka mizani mahali palipotulia, pasipo feni wala dirisha wazi. Iwashe na uiache itulie. Weka jiwe la mizani na uone kama inasoma sawa. Weka kisahani, rudisha kwenye sifuri.

Jaza kipimio kwa namna ileile utakayofanya uwanjani: mmimino uleule, magongo yaleyale, mfuto uleule. Mimina kisahani, soma, andika. Rudia mara kumi. Usiruke namba usiyoipenda.

Tuseme alama ni 70 na umepata 68.4, 69.1, 68.8, 70.2, 68.6, 69.0, 68.9, 69.3, 68.7 na 69.0. Wastani ni 69.0. Hilo ni jibu la swali la kwanza: kipimio chako, mkononi mwako, na kopo hili, kinatoa greni 69 za uzito kinaposema 70. Hakuna haja ya kusahihisha kitu. Andika tu daftarini.

Jibu la swali la pili ndilo ninaloliona la maana zaidi, na wengi hawaliangalii. Kati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote kuna greni 1.8. Lakini itazame ile 70.2 imesimama peke yake. Tisa zilizobaki ziko ndani ya greni 0.9 tu. Baruti haikubadilika kati ya mmimino wa tatu na wa nne. Mkono ndio uliobadilika. Pengine uligonga mara moja zaidi, pengine hukufuta vizuri. Rudia kumi nyingine ukilenga kuiondoa tabia hiyo. Ukifika mahali ambapo kumi zote zinakaa ndani ya greni moja, mkono wako umekomaa na hutahitaji mizani tena mpaka kopo lingine.

Kushindilia kwa kiasi kilichopimwa kwa uzito

Wapo wanaotaka kupima kila kiasi kwa mizani, hasa wanaoshindana kulenga shabaha. Siwakatazi, mradi ni baruti nyeusi halisi. Namna yake ni kupima nyumbani, kumimina kila kiasi kwenye kichupa chake, kufunga, na kubandika lebo. Katika mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na MLAIC, kamati ya kimataifa ya vyama vya wapigaji wa bunduki za kushindilia, wapigaji huja na baruti katika vichupa vya namna hii, kila kimoja kikiwa na kiasi cha risasi moja. Ni utaratibu salama zaidi pia, kwa sababu hakuna pembe iliyojaa iliyo karibu na mtutu wa moto.

Namna ya haraka ni kuweka kipimio kidogo chini ya kiasi unachotaka, kumimina kwenye kisahani cha mizani, kisha kuongeza punje chache chache kwa kijiko cha shaba mpaka ifike. Greni 69 zilizopimwa kwa mizani ndizo zilezile ulizopata kwa wastani wa kipimio chako, kwa hiyo anza na namba hiyo, si 70 ya alama. Kama jedwali la mtengenezaji halisemi namba zake ni za ujazo au za uzito, chukua kiwango cha chini na usikaribie kile cha juu.

Je, faida inaonekana kwenye shabaha? Kwa gobori ya kawaida yenye risasi ya mviringo na kitambaa, unene wa kitambaa, mafuta yake, na usafi wa mtutu vinasogeza risasi kuliko nusu greni ya baruti. Ningemshauri mtu atumie saa moja kuchagua kitambaa kizuri kabla ya kutumia saa moja kwenye mizani.

Baruti mbadala: hapa mizani inaweza kukudhuru

Soma sehemu hii mara mbili.

Baruti mbadala nyingi ziliundwa zipimwe kwa kipimio kilekile cha baruti nyeusi. Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi kwa robo au zaidi. Kipimio cha greni 100 kikijazwa Pyrodex hakitasoma 100 kwenye mizani, na hakipaswi kusoma 100. Watengenezaji walikusudia ujazo uwe sawa na nguvu ziwe karibu sawa, huku uzito ukiwa pungufu.

Mtu asiyejua hilo anaweka Pyrodex juu ya mizani, anaona 72, anadhani kipimio kimemdanganya, anaongeza mpaka 100. Sasa ana kiasi kinachokaribia greni 140 za ujazo. Alitaka usahihi, akashindilia karibu mara moja na nusu ya alichokusudia.

Triple Seven ina nguvu zaidi kuliko baruti nyeusi kwa ujazo uleule. Ili kupata mwendo wa risasi unaofanana na wa baruti nyeusi, ujazo hupunguzwa kwa asilimia 15. Alama ya 85 kwenye kipimio inachukua nafasi ya alama ya 100.

Blackhorn 209 ni nyepesi zaidi kwa ujazo wake. Hesabu yake ni kuzidisha greni za ujazo kwa 0.7 kupata greni za uzito: 100 za ujazo ni 70 za uzito. Kikomo cha mtengenezaji ni greni 120 za ujazo, ambazo ni 84 za uzito. Anayepima 100 kwa mizani, akidhani ndiyo 100 ya kipimio, ameshapita kikomo hicho na kufika karibu 143 za ujazo. Baruti hii pia huwashwa kwa kiwashio cha bunduki ya marisawa cha namba 209, hivyo si ya gumegume wala ya fataki ndogo za kawaida.

Vidonge vilivyotengenezwa tayari hufuata kanuni hiyohiyo. Kidonge cha 50 ni sawa na greni 50 za ujazo wa baruti nyeusi. Kukipima kwa mizani ni kujipotezea muda, na kukivunja ili kupata nusu ni hatari isiyo na faida.

Na baruti isiyo na moshi haiingii katika bunduki ya kushindilia, kwa kipimio wala kwa mizani, hata kidogo, hata ikichanganywa. Zipo bunduki chache mno zilizoundwa mahsusi kuistahimili, kama Savage 10ML-II, na mwenye moja ya hizo ana kitabu chake. Mwingine yeyote asiijaribu.

Mdeki nao ni kipimio

Baada ya kipimio na mizani kuna chombo cha tatu, na pengine ndicho kilichookoa watu wengi zaidi. Shindilia kiasi chako sahihi, weka risasi juu yake mpaka ikae vizuri, kisha chora mstari kwenye mdeki hapo unapokutana na mdomo wa mtutu. Chora mwingine wakati mtutu ni mtupu.

Kuanzia siku hiyo, kila unaposhindilia, mstari wa kwanza unatakiwa ukutane na mdomo. Ukibaki juu kwa milimita kadhaa, huenda masizi yameizuia risasi njiani na kuna nafasi ya hewa kati yake na baruti. Usipige hivyo, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Risasi lazima ikae juu ya baruti bila mwanya.

Ukibaki juu sana, umemimina mara mbili. Katika mtutu wa kaliba ya .50, greni 70 huchukua takriban sentimita 3 na nusu. Urefu huo unaonekana kwa macho hata ukiwa umechoka. Kwenye rivolva ya kushindilia kanuni ya kutoacha mwanya ni ileile: ukitumia baruti kidogo, nafasi inayobaki chini ya risasi hujazwa, wengi kwa unga wa mahindi.

Kujitengenezea kipimio kisichobadilika

Ukishajua bunduki yako inapenda alama gani, tafuta bomba la shaba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 12, au pembe, au mwanzi mkavu. Kwa milimita 12, kina cha milimita 40 kinatoa takriban mililita 4.5, yaani karibu greni 70. Ziba upande mmoja kwa mbao iliyokazwa vizuri. Kikate kirefu kidogo kuliko hesabu, kisha punguza ukingo kwa tupa kidogo kidogo. Kila baada ya kupiga tupa, futa vumbi lote la shaba, jaza baruti, gonga, futa, pima kwa mizani. Acha unapofika kwenye wastani ulioandika daftarini kutoka kwenye kipimio cha zamani. Ukipitiliza, ongeza kina cha mbao kwa kuitoa na kuichonga. Usijaribu kurefusha ukingo.

Chonga namba kwenye ubavu wake, na pembeni yake aina ya baruti. Kipimio kilichopimwa kwa FFg ya kopo moja si kipimio cha FFFg ya kopo lingine, na miaka mitatu baadaye hutakumbuka. Lebo za vichupa nazo ziseme yote: jina la baruti, ukubwa wa punje, namba, na neno "ujazo" au "uzito". Kichupa kisicho na lebo kisiingie mtutuni. Kimwagie maji mengi, na upime upya kutoka kwenye kopo lenye jina lake.